Mgonjwa wa Homa Bay, Mzima wa Migori

Tuanze na jiko, maana kesi yote ilizaliwa pale. Jiko la Roselyn lilikuwa Migori. Nyumba aliyolala na mumewe ilikuwa Homa Bay. Kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa jiko ni hatua kumi na moja, na kwenye hatua ya sita serikali ilikuwa imesimika bikoni, nguzo fupi ya saruji isiyofika goti, ule mwaka wilaya ilipogawanywa. Wapimaji walikuja na minyororo yao, wakapima, wakampa mumewe, Nicanor Otuoma, mkono, wakaomba maji ya kunywa, wakaenda zao. Basi! Mtu anaamka asubuhi anaambiwa uji wake unapikwa wilaya nyingine.

Kwa miaka kadhaa jambo hilo halikumsumbua mtu. Kuku walivuka walivyotaka. Roselyn alivuka na sufuria mara ishirini kwa siku. Nicanor mwenyewe hakuvuka kabisa, kwa sababu mzee wa Kijaluo anayejiheshimu hana shughuli jikoni kwa mkewe. Chakula humfuata alipo. Miaka thelathini na mmoja ya ndoa hakuwahi kukalia kigoda cha jikoni, na jambo hilo alikuwa akijivunia mbele ya watu.

Halafu, mwaka wa tisini na sita, wakaja watu wa damu.

Ulikuwa mradi wa utafiti, wenye gari moja jeupe na hema moja la kijani. Walitaka kuwapima watu wazima ugonjwa wa sukari kwa njia mbili, ili wajue ni njia gani inawapata wagonjwa wengi zaidi. Wiki ya kwanza walipiga hema upande wa Migori. Pale ulikuja asubuhi bila kutia kitu kinywani tangu jana yake, unadungwa kidole, unaambiwa hesabu yako. Wiki ya pili walihamia Ndhiwa, upande wa Homa Bay. Pale ulipewa bilauri ya maji yaliyokorogwa glukosi, tamu mpaka meno yanauma, unakaa saa mbili kwenye benchi, ndipo unadungwa.

Nicanor alikwenda kote kuwili, tena alikwenda kama mtaalamu anayekagua kazi ya wenzake. Miaka ishirini na mitatu alikuwa mpima utamu wa miwa kiwandani. Trekta likifika na shehena, yeye ndiye aliyechomoa muwa, akakata vipande vitatu, cha shina, cha kati na cha juu, akakamua, akadondosha tone kwenye kidarubini kidogo cha mkononi, akafumba jicho moja, akasema: huu umeiva, pitisha, huu haujaiva, rudisha. Wakulima wazima na ndevu zao walimwogopa. Siku aliyostaafu, kidarubini kile kilijisahau mfukoni mwake, na mpaka leo hakijakumbuka kurudi.

Sasa sikia alichopewa. Kule Migori walimwandikia kadi nyeupe: sita nukta mbili, kawaida, muhuri wa Migori. Ndhiwa wakamwandikia kadi ya manjano: kumi na mbili nukta nne, ana sukari, aende kliniki, muhuri wa Homa Bay.

Alizishika zote mbili, moja mkono huu na nyingine mkono huu, akamwendea nesi wa mradi, Sista Lynnet, msichana aliyesoma shule ya Asumbi na aliyeongea polepole kama anayehesabu vidonge.

"Sista, mmoja wenu ni mwongo."

"Hakuna mwongo, jaduong'," Lynnet alimjibu. Jaduong' ndivyo Wajaluo wanavyomwita mzee wa heshima. "Kule Migori tulikupima ukiwa mtupu. Hapa tumekupima ukiwa na mzigo. Trekta bila mzigo si litapanda kilima chochote? Lipakie miwa ndio ujue kama injini ni nzima. Ya kwako inapanda ikiwa tupu. Ikipakiwa, inashindwa."

Nicanor alielewa. Alielewa vizuri mno, maana ndugu yake Cephas alianza hivyo hivyo: sukari, kisha kidonda cha kidole cha mguu, kisha mguu ukakatwa chini ya goti, kisha jeneza. Nicanor alishika pembe moja ya jeneza lile. Kwa hiyo aliogopa, na aliogopa sana, lakini hakuwa mwanamume wa kusema naogopa. Akatafuta pa kutokea, akapaona kwenye mihuri.

Hebu fikiria kama yeye. Ukinunua ng'ombe kwa kibali cha Homa Bay ukavuka naye, askari wa Migori anakirarua kibali chako huku unamwona. Risiti ya ushuru ya soko la Migori ukiionyesha Ndhiwa wanakucheka. Mtu yeyote aliyewahi kuuza hata mbuzi pande zile alijua karatasi ya wilaya hufanya kazi wilayani mwake tu. Sasa kadi ya damu ni karatasi ama si karatasi? Ina muhuri ama haina?

"Mimi ni mgonjwa Homa Bay," alimtangazia mkewe alipofika nyumbani. "Migori mimi ni mzima."

Roselyn alikuwa amesimama kwenye mtungi anakunywa maji, kata ya tatu. Akaishusha.

"Rudia hapo."

Akarudia.

"Baba Bravin, hiyo glukosi walichanganya na chang'aa?"

Lakini mzee alikuwa amekwisha kuamua. Kesho yake asubuhi alikunywa chai ya kwanza ndani ya nyumba, kavu, bila chembe ya sukari, kama sheria ya Homa Bay ilivyotaka. Alikunja uso, akameza. Kisha akasimama, akatoka, akahesabu hatua sita, akainua mguu juu ya bikoni kwa heshima zote, akaingia jikoni. Akakaa kwenye kigoda, magoti yakamfika masikioni.

"Chai," akasema. "Vijiko vinne."

"Ndani ya jiko langu?" Roselyn aliangalia nje kama kuna mtu. "Watu wakikuona?"

"Waone. Niko Migori, niko na afya yangu."

Na watu walimwona, kwa nini wasimwone! Wanawake waliokwenda kisimani walibuni sababu za kupita hapo mara mbili. Mzee Nicanor, yule aliyekuwa akirudisha trekta zima la miwa kwa kidole, amejikunja jikoni katikati ya moshi na masufuria! Kwa siku tatu hawakuzungumza lingine. Siku ya nne wakaanza kufikiria, na hapo ndipo mambo yalipoharibika zaidi.

Wa kwanza kufikiria alikuwa Machuki, Mkuria mfanyabiashara wa ng'ombe, jirani wa upande wa Migori. Alikuja akakaa mlangoni pa jiko akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Karibu kwetu, mzee. Huku hatuna magonjwa." Lakini alipofika sokoni aliieleza habari ile bila kucheka, na wenye kadi za manjano wakatega sikio. Wiki haikuisha kabla walimu wawili hawajaja na kreti ya soda. Waliomba ruhusa kwa adabu, wakavuka bikoni, wakanywa soda mbili mbili wakiwa wamesimama Migori, wakarudi Homa Bay wagonjwa lakini wameridhika. Akaja fundi baiskeli na asali yake. Akaja mama mmoja na maandazi. Naibu chifu wa upande wa Homa Bay alilalamika kwamba wagonjwa wote wanaandikwa kwake, eneo lake linaharibiwa jina. Mwenzake wa Migori alionekana akipaka bikoni chokaa.

Roselyn peke yake ndiye hakuona la kuchekesha. Alikuwa amechoka. Siku zile alichoka upesi, akivuka anaketi, akichambua mboga anaketi, na leso aliyozoea kuifunga mara moja kiunoni sasa ilizunguka mara mbili. "Hiki ni kiangazi," alisema akimimina maji kwenye kata. "Kiangazi na mume mwenye wilaya mbili." Nicanor alimtania kwamba anakunywa kama gari la mradi. Hakuwaza zaidi ya hapo, maana alikuwa na shughuli zake.

Kisha ikatokea ajali ya bikoni. Asubuhi moja chai ilikuwa inachemka, harufu ikamfikia Nicanor akiwa Homa Bay kitandani, akatoka mbio peku, na hatua ya sita akaipiga nguzo ile kwa kidole gumba cha mguu wa kushoto. Yowe alilopiga lilisikika wilaya zote mbili. Ukucha ulitoka. Wiki ya kwanza kidonda kilikuwa kibichi. Ya pili, kibichi. Ya tatu kikaanza kunuka kidogo.

Kila asubuhi Roselyn alikiosha kwa maji ya uvuguvugu na chumvi, amepiga magoti mbele yake. Asubuhi moja machozi yalidondoka kwenye beseni.

"Cephas alianza na kidole gani?" akauliza.

Nicanor akatazama paa. "Gumba."

"La mguu gani?"

"Hiki kidonda hakina wilaya," Nicanor akasema haraka. "Bikoni iko katikati. Kisheria hakihesabiki."

Roselyn akalirusha lile beseni. Maji yakamwagikia Migori, beseni likabaki Homa Bay. "Wakija kukata, watakata mguu wa Homa Bay peke yake? Ule wa Migori utabaki utembee? Nijibu, Nicanor!" Hakuwahi kumwita kwa jina tangu amzalie Bravin, kifungua mimba wao. "Mimi nilipika kwenye matanga ya Cephas. Nimechoka kupika matanga. Mimi nakutaka mzima, unasikia? Mzima na miguu yako yote miwili mibaya hivyo hivyo!"

Hilo lilimwingia, lakini halikumtoa. Alifanya alichojua kufanya: akatoa kidarubini. Siku hiyo hiyo, mbele ya Machuki kama shahidi, alijidunga kwa mwiba wa ndimu, na kwa kuwa muwa haupimwi kwa kipande kimoja, alitoa damu sehemu tatu: mguuni ikiwa ndiyo shina, kidoleni ikiwa ndiyo kati, sikioni ikiwa ndiyo juu. Akadondosha, akafumba jicho moja. Aliona giza jekundu.

"Shina, hakuna," akasema. "Kati, hakuna. Juu, hakuna. Andika, Machuki. Ukijumlisha na kadi ya Migori ni vipimo vinne dhidi ya kimoja."

"Weka na chai yako tuone," Roselyn akasema kutoka kwenye mtungi.

Akaweka. Kidarubini kikasoma digrii kumi na tisa za utamu. Kwa utamu huo, trekta zima lingepitishwa likipigiwa makofi. Nicanor akakifuta, akasema chai si mtu.

Mwisho wa mwezi uliofuata hema la kijani lilirudi Ndhiwa, na Nicanor akalifuata na fimbo yake, akichechemea. Nyuma yake walikuja wenye kadi za manjano wote, walimu, fundi, mama wa maandazi, na Machuki akiwa mbele kama wakili. Roselyn naye alikuja, hajala wala kunywa tangu jana jioni, maana ndivyo walivyokubaliana. Ndiyo, palikuwa na makubaliano, na Nicanor aliyatangaza mbele ya hema kwa sauti ya kiwandani.

"Sista, kwetu kiwandani mashine ikitiliwa shaka, hatubishani nayo. Tunaipa kitu tunachokijua tayari. Ikisema kweli juu ya kile, tunaiamini kwa vingine. Sasa mimi nimekuletea mtu ninayemjua. Huyu hatumii sukari hata kwenye uji. Hajalazwa hata siku moja. Anaamka kabla ya jogoo. Mpime. Ikisema ni mzima, basi mashine ni nzima, na mimi nakubali kadi yako: nitavaa viatu, nitaacha chai yangu, nitakuja kliniki. Ikisema ni mgonjwa, mashine ni mbovu, na mimi niko huru kote, Homa Bay na Migori. Mashahidi ni hawa."

Lynnet alimgeukia Roselyn. "Mama, umekubali haya?"

"Nimekubali," Roselyn akasema. "Mimi niko sawa. Nipime haraka ndio huyu apewe dawa ya mguu." Alikuwa na furaha, maskini. Alijua ameshinda. Mwezi mzima alikuwa ametafuta namna ya kuuokoa mguu ule, na hatimaye mwenye mguu amejifunga mwenyewe kwa maneno yake.

Lynnet akamdunga kidole, akaweka tone kwenye mashine, wakangoja. Hata mbuzi wa soko walikuwa kimya, au ndivyo Machuki anavyosimulia. Lynnet akaisoma namba. Akachukua kidole kingine, karatasi nyingine ya kupimia, akarudia.

"Mama, kweli hujala asubuhi?"

"Hata maji sijagusa, na kiu inaniua."

"Usiku unatoka nje mara ngapi?"

Roselyn akaona aibu mbele ya wanaume wale. "Nne. Tano."

Lynnet akaweka mashine chini. "Kumi na tano nukta moja. Ya kwanza ilikuwa kumi na tano kamili."

"Sasa mpe ile glukosi," Nicanor akasema. "Kipimo cha mzigo. Tusihukumu kwa kipande kimoja."

"Huyu simpi glukosi, jaduong'. Wewe ndio ulihitaji kipimo cha pili, kwa sababu damu yako ya asubuhi inaficha. Ya mama haifichi kitu. Trekta lake halipandi hata likiwa tupu. Mama ni mgonjwa, na si wa leo."

Kisha Machuki akarusha kofia juu. "Mbovu! Mashine ni mbovu! Mzee ameshinda!"

Heh! Ungekuwepo ungesema ni harusi. Walimu walikumbatiana. Mama wa maandazi alipiga vigelegele. Fundi baiskeli alichana kadi yake ya manjano vipande vinne. Mtu alimtia Nicanor soda mkononi, imefunguliwa tayari, baridi. Makubaliano ni makubaliano na mashahidi walikuwa wengi: mashine imemwita mgonjwa mwanamke ambaye kila mtu anajua ni mzima, kwa hiyo mashine imeanguka, kwa hiyo kadi ya manjano imeanguka nayo. Kilichobaki ni yeye kufungua mdomo na kusema. Mguu wake ungekuwa salama kwa sheria, na yaliyompata Cephas yangebaki ya Cephas.

Akamtazama Roselyn.

Alikuwa kwenye benchi, ameshika pamba kwenye kidole, anajaribu kumchekea. "Haya, Baba Bravin," alisema. "Umeshinda. Sema basi twende nyumbani, nina kiu."

Ndipo alipoiona ile leso. Aliiona ikizunguka mara mbili, na mifupa ya mabega imesimama, na midomo iliyokauka. Akakumbuka kata ya tatu, kata ya nne, mlango wa nyumba ukilia usiku naye akigeuka upande wa pili. Miaka ishirini na mitatu alikuwa akitazama shehena mara moja tu akajua, na ndani ya boma lake hakutazama. Hofu ya Cephas ikamrudia yote, ila sasa haikuwa ya mguu wake hata kidogo. Alitaka kulia pale pale mbele ya walimu.

"Mashine ni nzima," akasema.

"Nini?" Machuki aliacha kucheza.

"Nimesema mashine ni nzima!" Sauti ilimkatika. Akaiweka ile soda chini bila kuionja. "Mimi ni mgonjwa. Homa Bay mgonjwa, Migori mgonjwa. Nipeleke Muhuru Bay, nivushe Tanzania, mgonjwa. Na huyu ni mgonjwa kuliko mimi, na nyinyi mnapiga vigelegele. Sista, tuandike. Tuandike wote wawili, kadi moja. Na umpe maji kwanza."

Watu walitawanyika wakinung'unika kwamba mzee amewauza. Fundi baiskeli alionekana ameinama, anaokota vipande vinne.

Jioni ile wanawake wa kisimani walishuhudia jambo lingine. Roselyn alikuwa amekaa mlangoni pa nyumba, Homa Bay, amenyoosha miguu juu ya mkeka kwa sababu alikuwa ameamriwa apumzike. Nicanor, mguu umefungwa bendeji na kuingizwa kwenye kiatu kikubwa cha Bravin, alikuwa jikoni peke yake. Palitoka moshi mwingi kuliko kawaida, kikasikika kifuniko kikianguka, na neno moja la Kijaluo ambalo sitaliandika. Mwishowe akatokea na vikombe viwili, akatembea taratibu, akaikwepa bikoni.

Roselyn akaonja. Haikuwa na sukari, majani yalikuwa yamezidi, na maziwa yameungua.

"Hii ni mbaya," akasema.

"Najua," Nicanor akajibu, akikaa kando yake kwenye mkeka. "Kesho nitapika tena."